Itifaki Imezingatiwa, Uzito Sifuri

Machibya wa Igoma alijaliwa kipaji kimoja tu, nacho ni kujua nani akae wapi. Mpe ukumbi mtupu, viti vya plastiki na majina ya wageni, kisha mwache. Ukirudi utakuta diwani hajakaa jirani na mtu aliyemtoa jasho kwenye kura za maoni, padri hajawekwa karibu na spika za muziki, na mwenyekiti wa mtaa amepata kiti chenye kitambaa, hata kama kitambaa chenyewe ni kitenge cha mke wa Machibya. Watu walimwita Bwana Itifaki, wachache kwa heshima, wengi kwa kuchoka.

Alizaliwa Sengerema kwa wakulima wa pamba, mtoto wa katikati kwenye nyumba yenye watoto wengi, na mtoto wa katikati hujifunza mapema nani anapakuliwa kwanza. Alipokuwa kijana parokiani alikabidhiwa viti siku ya kipaimara. Askofu, wakati wa kuondoka, alimgusa bega akasema mambo yamepangwa vizuri. Bega hilo Machibya hakulisahau. Wenzake walikwenda kujifunza kuchomelea vyuma na kushona masofa. Yeye alijifunza kusema "itifaki imezingatiwa", maneno mawili ambayo kwetu hapa yamefungua milango mingi kuliko mashine ya kuchomelea.

Sasa, maneno hayo yaliletwa ili kuokoa muda. Msemaji akishayatamka, anaruka majina ya wakubwa na kuingia kwenye hoja. Machibya aliyatamka, kisha akayataja majina yote. Kwenye msiba mmoja hapo Igoma alishika kipaza sauti akatambua uwepo wa kila mtu aliyewahi kushika muhuri, kuanzia mtendaji wa kata hadi mweka hazina wa kikundi cha bodaboda. Wachimba kaburi wakakaa chini. Mvua ikanyesha. Marehemu alitambuliwa wa mwisho, tena kwa jina la kaka yake.

Nyumbani alikuwa na mke, Odeta, na mtoto mmoja, Mayala. Odeta ndiye aliyeilisha nyumba. Alikuwa akipeleka sangara na sato kwenye mzani wa mwalo wa Bukamila, pale mitumbwi inapotua na samaki kuuzwa kwa wanunuzi wa viwandani. Mpimaji wa mwalo, Nestory, alikuwa na mzani ambao uso wake ulimtazama yeye peke yake. Samaki anawekwa, Nestory anainama, anachungulia, anakohoa kidogo, anataja uzito. Wewe mwenye samaki unaona mgongo wa mzani na kisogo cha Nestory. Akina mama walilalamika kwa miaka kwamba samaki wao walikuwa wakikonda njiani kutoka kwenye beseni hadi kwenye ulimi wa mpimaji. Walichokitaka ni kitu kidogo sana: namba ziwatazame na wao.

Halmashauri, baada ya kuombwa na kuombwa tena, ikaahidi mzani mpya wa umeme, uliounganishwa kwa waya na kompyuta, na kompyuta yenye skrini kubwa ambayo hata aliye nyuma kabisa ataisoma. Na hapa ndipo Machibya alipoingia, kwa mlango ambao usingefunguka mahali pengine popote.

Kampuni iliyouza mzani ilituma mwaliko: mtumishi mmoja ahudhurie mafunzo ya itifaki za mawasiliano. Mkurugenzi, Bwana Mihayo, aliusoma huku akiongea na mgeni ofisini, na jicho lake likaishia kwenye neno itifaki. Nani mwingine? Machibya alikuwa akijitolea pale halmashauri, akiahidiwa kila bajeti mpya kwamba safari hii atathibitishwa kuwa Afisa Itifaki, na kila bajeti mpya akikuta ahadi yake imehamishiwa kwa bajeti ijayo. Alipigiwa simu. Alinyoosha suti yake ya kijivu, ile ambayo kola yake ilianza kung'aa, akaenda Kiseke kwenye ukumbi wa mafunzo.

Alifika mapema akakuta viti vimepangwa kwa duara. Duara ni tusi kwa mtu wa itifaki, kwa kuwa halina mbele. Akavipanga upya. Baadaye akaingia mkufunzi, Injinia Jovinary, Mhaya wa Kamachumu, mtu ambaye hawezi kukuambia habari za asubuhi bila kukuambia amezijifunza chuo gani. Alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na sanduku la nyaya mkononi.

Machibya alisubiri sura ya zulia jekundu. Haikuja. Zilikuja nyaya, soketi na michoro, mpaka akaelewa kwamba itifaki iliyozungumzwa pale ni kanuni ambazo mashine mbili hukubaliana ili ziongee. Mtu mwingine angejisemea kuwa amepotea njia, akanyanyuka. Lakini kutoka nje mkufunzi akiwa anazungumza ni kuvunja itifaki, kwa hiyo alikaa.

Na cha ajabu, alielewa, kwa namna yake. Jovinary alisema data ikipita kwenye waya huu haiendi kwa mkupuo; biti, yaani vipande vidogo kabisa vya data, zinakwenda kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Machibya akaona msafara wa magari ya kiongozi. Jovinary akasema kila kundi la biti linatanguliwa na biti ya kuanzia na kufungwa na biti ya kumalizia. Machibya akaona wimbo wa taifa na sala ya kufunga. Mashine, akasema Jovinary, zinasalimiana kwanza, moja inasema niko tayari, nyingine inajibu niko tayari. Hiyo ni shikamoo na marahaba, aliwaza Machibya, nani asiyeijua. Kisha wakafika kwenye ujumbe wenyewe, kwamba una kichwa, kinachosema umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani, halafu una mzigo, yaani kile kinachopelekwa. Jovinary akasisitiza kuwa kichwa kiwe kidogo na mzigo uwe mkubwa. Hapo Machibya alimsikitikia. Aliona kijana kasoma vizuri lakini hapo kageuza.

Mambo mawili hayakumwingia. La kwanza lilikuwa la nyaya. Jovinary alieleza kwamba waya wa mzani umepishanishwa kwa ndani, ili mdomo wa mashine moja uangukie kwenye sikio la nyingine. Ukiupishanisha mara mbili, akasema, umerudi ulikotoka: mdomo unakutana na mdomo. Wakati huo Machibya alikuwa akimpa ishara mhudumu wa chai aanze kumhudumia nani.

La pili alilisikia vizuri, akalikataa. Jovinary alisema njiani kuna kelele, na biti moja ikidondoka inaweza kugeuza maana yote. Kwa hiyo mtumaji anaongeza biti ya ukaguzi ili hesabu iwe shufwa. Ikifika ni witiri, mpokeaji anajua kuna kilichopotea na anaomba atumiwe tena. Au mpokeaji anarudia alichopokea, mtumaji asikie kama ndicho. Machibya alinyoosha mkono, akasimama, akafunga kifungo cha koti. Aliuliza, kwa adabu zote, kama mtumaji ni mdogo na mpokeaji ni mkubwa, huyo mdogo anapata wapi ubavu wa kumwambia mkubwa arudie.

Jovinary alicheka, akajibu kwamba mashine hazina vyeo.

Ndiyo maana zinaharibika, aliwaza Machibya, akakaa.

Alirudi Igoma na cheti kilichoandikwa Itifaki za Mawasiliano ya Data, akakitundika juu ya runinga. Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Mayala akiongea haraka aliambiwa apunguze kasi, mpokeaji bado hajawa tayari. Odeta akimkatiza aliambiwa mawasiliano ya nyumba hii ni ya zamu, mmoja anatuma na mwingine anapokea. Odeta akamjibu kwamba hilo analijua, maana tangu aolewe hajaona zamu yake ya kutuma.

Bwana Mihayo naye alikiona cheti, akaona hakuna haja ya kutafuta mtu mwingine. Machibya akawa msimamizi wa mzani mpya na pia mshereheshaji wa siku ya uzinduzi. Mihayo alimwambia wazi kwamba siku hiyo ikipita salama, suala la kuthibitishwa kwake atalimaliza mwenyewe. Jioni Machibya alimweleza mkewe habari hiyo kwa furaha.

Odeta alikuwa akiparua sato. "Baba Mayala," alisema, "mimi cheo chako nitakifurahia. Ila mimi nataka nisome uzito wa samaki wangu kwa macho yangu. Niahidi hilo."

Machibya aliahidi. Alimpenda mke wake, tusimwonee. Na kwa kuwa mzani ukifanya kazi yeye anapata kazi na Odeta anapata namba zake, hakuona ugumu wowote. Mambo yote mawili yalipita kwenye waya mmoja.

Siku ilipofika Jovinary alitangulia. Chini ya kivuli cha bati aliweka mzani, juu ya meza kuu akaweka kompyuta na skrini, akaviunganisha kwa waya mfupi, akaomba samaki wa kujaribia. Odeta alikuwa karibu, akatoa sato wake. Namba zikajitokeza kwenye skrini, kubwa, nyekundu, na akina mama wa nyuma wakazisoma kwa pamoja kama darasa. Odeta alizisoma pia. Akamwondoa sato, akamrudisha, akazisoma tena. Alibeba beseni lake akaenda kusimama na wenzake, na aliyemjua angeona kwamba siku hiyo alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yake, ambayo nayo ilicheleweshwa na itifaki.

Jovinary akaenda kunywa chai. Machibya akafika kukagua meza kuu, na alichokiona kilimkata maini. Kompyuta ilikuwa imekaa mkono wa kulia wa mgeni rasmi. Hapo ni pa diwani. Mashine ikae kulia kwa mgeni rasmi, diwani akae wapi, kwenye vichanja vya dagaa? Alijaribu kuisogeza, waya ukakataa, ni mfupi. Akafungua sanduku la Jovinary, akakuta waya mwingine wa aina ileile pamoja na kiungio kidogo. Akauunga kwenye ule wa kwanza, akaivuta kompyuta mpaka mwisho wa meza, ng'ambo ya mweka hazina wa mwalo, mahali panapoistahili. Taa zake zikawaka. Machibya akaridhika kwamba zimesalimiana.

Jovinary aliporudi alikuta hata kiti chake hakipo. Mkandarasi hana nafasi meza kuu, aliambiwa, nafasi yake ni nyuma ya kwaya. Alikwenda akakaa huko, akavaa miwani zote mbili.

Mgeni rasmi alichelewa kama inavyompasa mgeni rasmi. Jina lake tuliache. Ni mkubwa wa kutosha. Machibya alishika kipaza sauti akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza. Alimtambua mgeni rasmi, msaidizi wa mgeni rasmi, mkurugenzi, wakuu wa idara, diwani, katibu wa diwani, viongozi wa dini kwa mpangilio wa ukubwa wa majengo yao, mwenyekiti wa mwalo na makamu wake, na makamu wa zamani aliyekuwa amepita tu kununua samaki. Jua lilipanda. Akina mama walisimama na mabeseni, na samaki wakaanza kujitambulisha wenyewe kwa harufu. Huo ulikuwa ujumbe wenye kichwa kirefu kuliko wowote uliowahi kutumwa kwenye mwalo ule, na mzigo wake ulikuwa maneno matatu tu: "karibu mgeni rasmi".

Mgeni rasmi akasimama kuhutubia. Mpango ulikuwa ahutubie, kisha abonyeze kitufe kilichofungwa utepe, na uzito wa samaki wa kwanza uonekane. Wakati hotuba ikiendelea Nestory, akisaidiwa na kijana mmoja, alimweka sangara kwenye mzani, sangara mnene kweli, wa Odeta. Machibya akatupa jicho kwenye skrini. Ilikuwa na sifuri.

Alisubiri kidogo, kwa heshima. Sifuri ikabaki. Akatoka polepole kwa tabasamu, akazunguka kwaya, akamnong'oneza Jovinary. Jovinary alichungulia chini ya meza kwa mbali, akaona nyaya mbili zimeungwa, akajipiga paji la uso.

"Mdomo umerudi kwenye mdomo," alisema. "Zote mbili zinasema, hakuna inayosikia. Nipe dakika chache niutoe ule waya wa pili. Mwambie asibonyeze kwanza."

Machibya alirudi mbele na ujumbe huo. Kipaza sauti cha mshereheshaji kilikuwa mkononi mwake. Angekiinua tu akasema, na mwalo mzima hadi kwenye mitumbwi ungesikia. Lakini tangu lini mshereheshaji akamwambia mgeni rasmi hadharani asifanye jambo? Hata kumnong'oneza hakuweza. Kati yake na sikio lile kulikuwa na ngazi. Akainama kwa katibu wa diwani. Katibu akainama kwa diwani. Diwani akainama kwa Mihayo, Mihayo kwa msaidizi, na msaidizi akasubiri mgeni rasmi avute pumzi.

Nyuma yao jenereta ilikuwa ikinguruma na vijana wa ngoma walikuwa wakikaza ngozi zao. Hakuna aliyerudia alichosikia, maana kumwambia mkubwa arudie ni kumwambia hasikii. Diwani, kwa mfano, hakuwahi maishani mwake kumpelekea mkubwa neno lenye katazo ndani yake, na pengine ulimi wake uliliruka wenyewe. Hatutajua. Tunachojua ni kwamba kutoka kwa Machibya lilitoka neno "asibonyeze kwanza", na kwa mgeni rasmi likafika "abonyeze kwanza". Silabi moja ilidondoka njiani.

Mgeni rasmi alifurahi, kwa sababu hotuba ilikuwa imeanza kumchosha hata yeye. Aliweka makaratasi chini, akatangaza kwamba wataalamu wamemshauri abonyeze kwanza, hotuba itafuata. Machibya alisikia ujumbe wake mwenyewe ukirudi kwenye spika umevaa nguo nyingine. Alimwona Jovinary akikimbia kutoka nyuma ya kwaya, akizuiwa na mgambo ambao Machibya mwenyewe aliwapanga.

Utepe ukakatwa. Kitufe kikabonyezwa. Kwaya ikapiga kelele ya shangwe, kisha ikanyamaza. Kwenye mzani alilala sangara aliyehitaji watu wawili kumwinua, na juu yake, kwa namba kubwa nyekundu, iliandikwa sifuri.

Mwanamke mmoja akacheka. Mgeni rasmi aliitazama sifuri, lakini mtu hafiki kwenye ukubwa ule kwa kushindwa na namba.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnaona sifuri. Sifuri ndiyo mwanzo mpya. Leo Bukamila tumefuta ya nyuma, tumeanza upya."

Meza kuu wakapiga makofi, ngoma zikapigwa. Mzani mpya nao ulikuwa na uso wake mdogo uliomtazama Nestory peke yake, na huo ulionyesha uzito kamili wa sangara, hadi gramu ya mwisho. Nestory aliusoma, akakohoa kidogo.

Machibya alirudishiwa zamu ya kipaza sauti. Katikati ya akina mama alimwona Odeta, beseni tupu kiunoni, akimtazama. Alikuwa akisubiri mume wake aseme. Na yeye alijua cha kusema, alikuwa nacho mdomoni, maneno machache tu kwamba waya umekosewa na utarekebishwa sasa hivi. Pembeni ya jicho alimwona pia Mihayo akitabasamu kwa mgeni rasmi. Aliinua kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, na akaanza kuwaita watu kwenye chakula kwa kufuata vyeo.

Kabla hata mifupa haijatupwa, Mihayo alimpa mkono na kumthibitisha. Alisema kila kitu kimekwenda vizuri na mgeni rasmi ameondoka na furaha. Hivyo ndivyo ndoto ya Machibya ilivyotimia, kwenye sherehe ambayo kitu pekee kilichoshindwa kufanya kazi ni kile kilichozinduliwa.

Wageni walipotawanyika Jovinary alikuja kuutoa waya wa pili, airudishe kompyuta karibu, amalize. Machibya alisimama mbele ya meza akapanua mikono. Mzani umeshazinduliwa, alisema. Kitu kikishazinduliwa hakiguswi mpaka kitolewe kibali na aliyekizindua, na maombi yapite ngazi zote, kuanzia kwa katibu wa diwani. Isitoshe, kompyuta ikirudi pale, diwani akija tena atakaa wapi? Jovinary akafunga sanduku lake akaenda kuwahi meli ya Bukoba.

Basi mwalo wa Bukamila ukawa na mzani wa kisasa. Kila asubuhi samaki waliwekwa, skrini ikaonyesha sifuri, Nestory akachungulia upande wake na kutaja alichopenda. Ilikuwa mbaya kuliko zamani, kwa sababu zamani ungeweza kulalamika kwamba hakuna skrini. Sasa aliyelalamika aliambiwa mfumo upo, tena umezinduliwa. Akina mama wakapata neno jipya. Aliyepunjwa alisema samaki wake kazinduliwa.

Odeta alimwomba mumewe mara moja. Alimkumbusha ahadi, akamwambia hata yeye anaweza kuuchomoa waya ule, ni kuvuta tu, ila mchana meza ile inalindwa na mgambo, usiku inafungiwa kwenye ofisi ya mwalo, na funguo anazo Machibya. Machibya alimweleza habari za ngazi na kibali, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. Odeta hakubishana. Machibya akadhani ameelewa.

Jioni moja alirudi nyumbani na kitambulisho kipya shingoni, kimeandikwa Afisa Itifaki. Alikuta sebule imefagiliwa, mkeka umetandikwa, na hotipoti mbili zimewekwa katikati, kubwa ya ugali na ndogo ya mboga. Mayala alikuwa kwa shangazi yake. Odeta alimnawisha mikono, akarudi nyuma hatua kidogo, akaunganisha viganja.

"Mheshimiwa Afisa Itifaki," alisema, "baba Mayala, mwana wa Sengerema, msimamizi wa mzani wa Bukamila, mshereheshaji wa harusi na mazishi, mwenye cheti juu ya runinga. Itifaki imezingatiwa. Karibu mezani."

Machibya aliguswa. Miaka yote aliyotambua watu, hakuna aliyewahi kumtambua yeye, tena kwa ukamilifu namna ile na bila kuruka hata cheo kimoja. Macho yalimlegea. Alifunua hotipoti kubwa.

Ilikuwa tupu. Ilikuwa imeoshwa, ikafutwa, hata tone la maji halikuwamo. Alifunua ndogo, nayo vilevile.

"Mama Mayala, ugali uko wapi?"

"Umezinduliwa," alisema Odeta. "Ukitaka kuugusa, omba kibali. Anza kwa shangazi wa Mayala." Kisha sauti ikabadilika, mzaha ukaisha. "Leo nimepeleka sangara wawili, Nestory kawasoma kwa mdomo wake. Mboga iliyopatikana nimemlisha mtoto. Siku ile ya uzinduzi nilisimama na beseni nikakuangalia, baba Mayala. Ulikuwa na kipaza sauti mkononi."

Machibya alifungua mdomo, akayakuta majina na vyeo vyote mahali pake, na nyuma yake hakuna kitu. Alitazama tena ndani ya hotipoti, kwa aibu sasa. Alivua kitambulisho akakiweka juu ya kifuniko, akaenda kwenye msumari wa mlangoni zilipotundikwa funguo za ofisi ya mwalo, akazichukua. Bado kulikuwa na mwanga wa kutosha kufika.

"Subiri," alisema Odeta. "Nimekwambia ufanye nini?"

Alimgeukia, mkono kwenye komeo. "Nichomoe waya wa pili."

"Uchomoe au usichomoe?"

"Nichomoe," alisema Machibya. "Na kompyuta irudi kwenye kiti cha diwani."

Odeta alisikiliza mpaka neno la mwisho, akaona limefika zima. Akaenda jikoni kubandika maji ya ugali.